Ukuta ulibomolewa 1699, jina bado lipo kazini

Haya jamani, habari zenu, wale wa nyuma kule mnanisikia? Sawa. Nimeambiwa nina dakika kama ishirini hivi, na wanaonijua wanajua dakika ishirini zangu huwa zinaumuka, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Naomba mikono juu, nani humu ndani ameshawahi kukanyaga Wall Street kwa miguu yake mwenyewe? Mmoja. Wawili, na yule pale anasitasita, haya tuseme wawili na nusu. Sasa nani hajawahi kulisikia hilo jina? Hakuna mkono hata mmoja. Mtaa ambao ukumbi mzima haujafika lakini ukumbi mzima unajua "unafanya kazi gani", si ndio? Fedha na hisa. Ndo nilipotaka tuanzie.

Waliosoma fasihi watakumbuka taashira, ile tamathali ya kutaja kitu ukimaanisha kingine kinachoambatana nacho, jembe kwa mkulima, kalamu kwa msomi, kiti kwa cheo. Mwalimu wangu alikuwa anaieleza kana kwamba ni mali ya washairi tu, kumbe ukifungua taarifa ya habari ya uchumi usiku wowote ule ni taashira mwanzo mwisho, Hollywood imefanya hivi, Wall Street imeshtuka, Silicon Valley inaogopa. Tofauti niliyoiona ni kwamba mkulima bado analishika jembe. Jembe halijahama. Lakini majina ya mahali yana tabia yake, na nimeyafuatilia kwa muda mpaka nikaona jambo moja linajirudia karibu kila nilipochungulia: jina hunenepa pale mahali penyewe panapokonda. Yaani siku jina linapokuwa kubwa kiasi cha kubeba sekta nzima mgongoni, mara nyingi sekta yenyewe imeshafunga mizigo inahamia kwingine au imeshahama kabisa. Mkinibishia baadaye sawa, mmoja wa kunibishia naye ninaye hapa, nitamtaja, lakini kwanza tutembee kidogo.

Tuanze na huo mtaa wa wawili na nusu. Wall Street maana yake ni mtaa wa ukuta. Ukuta gani? Mwaka 1653 New York ilikuwa bado inaitwa New Amsterdam, koloni ya Waholanzi, nao wakajenga ukuta wa magogo upande wa kaskazini wa mji wao kwa kuwahofia Waingereza, na walioshurutishwa kuujenga ni pamoja na Waafrika waliokuwa watumwa wao. Waingereza wakaja, na kilichochekesha hawakupitia ukutani, waliingia kwa meli 1664 na mji ukajisalimisha. 1699 ukuta ukabomolewa. Kwa hiyo jina linaanza maisha yake kama jina la kitu ambacho hakipo. Kisha 1711, mwisho wa mtaa huohuo kule mtoni, likafunguliwa soko rasmi la kukodisha na kuuza watumwa, likadumu miaka mingi tu, ila ukisema Wall Street leo hakuna anayesikia hiyo biashara ndani ya hilo neno. Neno limechagua la kukumbuka. 1792 ndo madalali 24 wakasaini makubaliano yao ya kuuziana hisa, masimulizi yanasema chini ya mti, mti wa aina ya mkuyu wa kule kwao, na hapo tunaambiwa ndo asili ya soko la hisa la New York.

Sasa nenda leo. Jengo la soko la hisa, lile lenye nguzo kubwa kubwa ambalo runinga zote huonyesha, uso wake haupo Wall Street, umeangalia Broad Street, mtaa mwingine unaokatiza pale. Mashine zinazofanya biashara yenyewe ya kununua na kuuza zipo Mahwah, New Jersey, jimbo jingine kabisa, ukumbi mkubwa wa kompyuta usio na nguzo wala mtu wa kupiga kengele. Benki nazo: JPMorgan iko Park Avenue, Goldman Sachs iko West Street upande wa pili, Morgan Stanley iko Times Square pale kwenye mataa ya matangazo. Deutsche Bank ndo walijikaza, wakakaa namba 60 Wall Street miaka kibao halafu 2021 nao wakahamia Columbus Circle. Majengo mengi ya maofisi ya mtaa ule yamegeuzwa nyumba za kupanga, watu wanapika na kufua humo. Kwa hiyo ukisema "Wall Street imeanguka leo" unataja ukuta uliobomolewa miaka zaidi ya 300 iliyopita, kwenye mtaa ambao soko limeupa ubavu, kuelezea mashine zilizoko jimbo la jirani. Na kila mtu amekuelewa! Hata mimi nakuelewa. Hilo ndo linanishangaza kuliko yote.

Mtasema basi ni mambo ya Wamarekani. Vukeni bahari mwende London. Fleet Street, ule mtaa ambao jina lake ndo magazeti ya Uingereza, limetokana na mto, Fleet, mto ambao wameufunika na sasa unapita chini ya ardhi kama mfereji wa maji machafu, mtu anaweza kufanya kazi juu yake miaka thelathini asijue. Mchapaji mmoja anaitwa Wynkyn de Worde alihamishia mtambo wake mtaa ule mwaka 1500 hivi, kwa sababu za kawaida tu, wateja wake mapadri na wanasheria walikuwa jirani. Mmoja akavuta mwingine, wauza vitabu wakaja, 1702 gazeti la kwanza la kila siku la Kiingereza, Daily Courant, likatokea palepale karibu na daraja la mto, na karne ya 20 ilipofika magazeti makubwa mengi ya Uingereza yalikuwa yamebanana hapo, mitambo inanguruma chini ya jengo usiku kucha, malori ya karatasi yanaziba njia, baa zimejaa waandishi. Halafu Januari 1986 tajiri wa magazeti Rupert Murdoch akahamisha magazeti yake manne kwenda Wapping, eneo jingine la London, kwenye mitambo mipya ya kompyuta, vyama vya wafanyakazi wa uchapaji vikagoma mwaka mzima vikashindwa, na wenye magazeti wengine walipoona inawezekana wakaondoka mmoja mmoja. 2005 shirika la habari la Reuters nao wakatoka. Leo mtaa ule umejaa wanasheria na watu wa fedha. Lakini mwanasiasa wa Uingereza akichafuliwa kesho asubuhi ataambiwa Fleet Street imemkalia kooni. Mto haupo, magazeti hayapo, jina linakalia watu kooni.

Sasa yule mbishi wangu niliyewaahidi, ni Savile Row, mtaa wa mafundi wa suti hukohuko London. Wale bado wapo. Bado wanashona, ukipita unaona mafundi chini kwenye vyumba vya madirishani wameinamia vitambaa. Na Harley Street bado ina madaktari wake. Nimejiuliza kwa nini hawa hawakuhama, na jibu langu, ni langu tu hili msilipeleke mbali, ni kwamba hapo mteja lazima aje na mwili wake. Suti inapimwa kifuani, daktari anakugusa tumbo. Hisa haina kifua. Kazi inayoweza kusafiri kwa waya husafiri, ile inayohitaji mwili wa mteja hubaki. Basi tuendelee.

Kwa nini kwanza kazi zinajikusanya sehemu moja mpaka pakapata jina? Vitabu vya uchumi vina maelezo marefu lakini mimi napenda zile sababu ndogo ndogo za aibu ambazo baadaye hakuna anayezitaja kwenye sherehe. Bonde la Santa Clara huko California, ambalo leo ndo Silicon Valley, lilikuwa la mashamba ya matunda, aprikoti, plamu, micheri, wenyewe wakiliita Bonde la Furaha ya Moyo, na kweli majira ya maua watu walikuwa wanasafiri kwenda kuangalia tu. Chuo Kikuu cha Stanford kipo pale, ndio, na Hewlett na Packard walishaanza kampuni yao gereji 1939, ndio. Lakini William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, ile swichi ndogo ya umeme iliyozaa kompyuta za leo, angeweza kuweka maabara yake popote Marekani, akaiweka Mountain View 1956, na moja ya sababu ni kwamba mama yake alikuwa anaishi Palo Alto, pale jirani. Mama! Nusu ya utajiri wa dunia ya leo una mkono wa mtu aliyetaka kuwa karibu na mama yake.

Halafu ikaja sababu ya pili ya aibu, Shockley alikuwa bosi asiyevumilika. Akakusanya vijana wenye vichwa vikali, akawabana, akawashuku, 1957 wanane wakamkimbia kwa mpigo wakaenda kuanzisha kampuni ya Fairchild hapohapo bondeni, na kutoka Fairchild wakachipuka wengine na wengine, kampuni za chipu kama Intel 1968, AMD 1969, na sheria ya California tangu 1872 ilikuwa inakataa ile mikataba ya kumzuia mfanyakazi asiende kwa mshindani, kwa hiyo mtu alikuwa anaacha kazi Ijumaa, Jumatatu yuko ng'ambo ya barabara na ujuzi wake wote kichwani. Mnaona eeh? Mama, bosi mkorofi na kifungu cha sheria cha karne ya 19. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa mezani akasema tujenge Silicon Valley.

Jina lenyewe lilikuja lini? 1971. Mwandishi wa habari Don Hoefler aliandika mfululizo wa makala kwenye gazeti la biashara ya elektroniki akalitumia, na mwenyewe alisema amelipata kwa mfanyabiashara rafiki yake. Hesabu hapo, miaka 15 tangu Shockley afungue maabara, miaka 14 tangu wale wanane watoke. Kazi ilikuwa imeshaiva, wengine wameshatajirika, ndipo jina likaja, na likaja kwa kalamu ya mwandishi. Silikoni ni ile elementi inayotolewa kwenye mchanga, ndo inayotengeneza chipu. Sasa leo chipu zenye maana zaidi duniani zinatengenezwa Taiwan, kampuni ya TSMC makao yake ni Hsinchu, na bonde lenyewe limebaki na wabunifu, wanasheria, wenye mitaji na watu wa programu, na programu haina hata punje ya mchanga ndani yake. Ila jina bado ni silikoni.

Hili la nani anatoa jina ninalisisitiza kwa sababu nimeliona sehemu nyingi. Tunavyozoea sisi mwenyeji ndo anampokea mgeni, kwenye majina haya mgeni ndo anampa mwenyeji jina, na mwenyeji halitaki mwanzoni, halafu analizoea, halafu analichapisha kwenye fulana. Angalia Nollywood. Wanaijeria walikuwa wanatengeneza filamu za kanda za video kwa wingi tangu 1992, zinauzwa sokoni Lagos, Onitsha, Aba, bila jina lolote la kuwakusanya, ni sinema tu, video za nyumbani tu. Neno Nollywood wengi wanasema lilienea kupitia makala ya Norimitsu Onishi kwenye New York Times mwaka 2002. Miaka kumi baadaye! Na wapo watengenezaji wa filamu wa Nijeria waliolikataa waziwazi, wakauliza kwa nini tuitwe kivuli cha mwingine. Swali zuri kabisa. Lakini neno lilishatoka, na neno likishatoka halina nahodha.

Na hebu tuligeuze hilo neno tuliangalie vizuri maana mimi hapa ndo nilipopoteza usingizi. Holly ni mti wenye majani ya miba, wood ni msitu. Waliochukua "ollywood" wakabandika N, wakabandika B ya Bombay, wakabandika L ya Lahore, K ya Kodambakkam kule Chennai, wamevunja jina pasipo na kiungo, kama mtu akate "Kilimanjaro" katikati ya silabi aseme hiki kipande maana yake ni mlima. Na kimekubali! Kipande kile sasa maana yake ni sinema. Na msidhani ni mchezo wa juzi, 1932 huko Kolkata watu wa filamu walikuwa na studio zao eneo la Tollygunge na fundi mmoja Mmarekani akaliandika Tollywood kwenye jarida la wapiga picha wa sinema, maana Tollygunge na Hollywood vina vina. Halafu baadaye filamu za Kitelugu nazo zikajiita Tollywood, kwa hiyo kuna Tollywood mbili nchi moja na hawasumbuani. Bombay ilibadilishwa jina rasmi 1995 ikawa Mumbai, na hakuna aliyethubutu kusema Mollywood ya Mumbai, B ikabaki pale pale inawakilisha mji ambao kwenye ramani hauitwi hivyo tena. Na Nollywood hata mahali hakuna. Huwezi kushuka kwenye basi ukaambiwa umefika Nollywood. Ni jina la mahali lisilo na mahali, yaani tumefika mwisho wa barabara, jina limeacha ardhi kabisa linaelea.

Sasa hapa nina ugomvi kidogo na wakubwa, na naomba mniruhusu. Kila baada ya muda nchi fulani inazindua Silicon yake. Kuna Silicon Glen ya Scotland, Silicon Wadi ya Israeli, Silicon Savannah ya Kenya, Silicon Alley ya New York, London walikuwa na Silicon Roundabout, yaani mzunguko wa barabara, keepleft kwa lugha ya mtaani, umepewa cheo. Sizisemi vibaya kazi zinazofanyika huko, nyingine ni kazi kubwa za kweli na zilikuwepo kabla ya jina. Ninachokisema ni ile tabia ya kuanza na jina. Unachora ramani, unazungushia uzio, unaweka kibao getini, unakata utepe, halafu unakaa unasubiri wale wanane wamkimbie bosi. Wahenga walishasema usikate kanzu mwana hajazaliwa. Huwezi kuweka kwenye mpango wa miaka mitano mama wa Shockley. Kifungu cha sheria unaweza kukiweka, na ajabu ndo kitu ambacho wanaoiga huwa hawakiigi, wanaiga kibao.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma zaidi ya vibao, nalo ni jinsi jina moja linavyowafunika watu. Chukueni Detroit. Detroit ni mji, una watu, una mabomba ya maji na taa za barabarani, lakini kwenye habari Detroit ni magari. 2009 magazeti yakajaa habari za kuiokoa Detroit. Serikali ya Marekani ikatoa mabilioni ya dola kuzisaidia General Motors na Chrysler. Chrysler makao yake yalikuwa Auburn Hills, mji mwingine. Ford, ambao hawakuchukua ule msaada, wako Dearborn, mji mwingine tena. Kati ya wale watatu General Motors tu ndo walikuwa na makao ndani ya Detroit yenyewe. Detroit ikaokolewa, watu wakashangilia. Halafu Julai 2013 mji wa Detroit, ule wenye mabomba na taa, ukaenda mahakamani kutangaza umefilisika. Detroit ipi ilikuwa imeokolewa? Mji ulikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950, sensa ya 2020 ikahesabu kama 639,000. Mkazi wa pale aliyekuwa akisoma mwaka ule wa 2009 kwamba Detroit imepata fedha, huku mtaani kwake taa haziwaki, naye alikuwa anasoma jina lake mwenyewe na fedha haimo. Na ndo mji huohuo uliompa Berry Gordy jina la kampuni ya muziki 1959, Motown, yaani mji wa magari limefupishwa, jina la sekta moja likazaa jina la sekta nyingine, na 1972 Motown nao wakahamia Los Angeles. Hata muziki ulihama.

Au chukueni 2023. Waandishi wa filamu Marekani waligoma tangu Mei 2, siku 148, na waigizaji wakajiunga Julai. Fungua habari za miezi ile. Hollywood imegoma. Ukurasa wa pili, Hollywood yakataa kulipa. Ngoja kwanza, nani amegoma na nani amekataa? Wote wawili Hollywood! Mwandishi anayepanga chumba na bosi wa studio anayelipwa mamilioni wamevalishwa kofia moja, wakipigana inaonekana mtu anajipiga mwenyewe. Na upande wa Wall Street ni hivyohivyo, "Wall Street ina wasiwasi", nani ana wasiwasi, ana jina? Kuna mtu aliyesaini? Watu walipowakasirikia wakubwa wa fedha 2011 wakaenda kuukalia mtaa, wakaishia kupiga mahema kwenye bustani ya Zuccotti, hatua chache kutoka pale, na mimi siku zote nawaza, hata wangefika mtaani wenyewe wangegonga mlango wa nani? Waliokuwa wakiwatafuta walikuwa Park Avenue. Jina lilifanya kazi ya ule ukuta kuliko ukuta wenyewe ulivyowahi kufanya.

Dakika zangu zimeshaumuka nawaona mnaangalia saa, nipite haraka kwenye vitambaa maana Kiswahili chetu kina ushahidi wake humu. Mnajua nguo ya merikani? Kile kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi. Karne ya 19 kililetwa pwani ya Afrika Mashariki na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kikitoka viwanda vya kwao, na watu wakakiita kwa nchi kilikotoka, nchi nzima imekuwa kitambaa. Baadaye viwanda vya Bombay vikaanza kutengeneza cha aina hiyo, meli za Salem zikapungua, na watu wakaendelea kununua merikani iliyofumwa India bila kuona tatizo lolote. Ni Fleet Street ileile, ila mkunjo mmoja mbele, jina limeshaacha mahali mpaka limepoteza herufi kubwa. Jinzi nazo hivyohivyo, Genoa ya Italia imo ndani yake, mji wa bandari umeshonwa mfukoni na aliyeivaa hana habari.

Waliofanikiwa kulifunga jina kamba mguuni ni wachache, na walitumia mahakama. Watu wa Champagne kule Ufaransa wamepigana zaidi ya karne moja kwamba hakuna mvinyo wa povu utakaoitwa hivyo kama zabibu hazikutoka kwenye udongo wao, na sehemu kubwa ya dunia wameshinda. Kijiji cha Cheddar cha Uingereza hakikuwahi kulifunga lake, kwa hiyo jibini ya jina hilo inatengenezwa kila bara na kijiji hakipati senti. Mimi hapo sina upande, nawaonea huruma Cheddar tu.

Nimeiacha Hollywood mwisho makusudi. 1887 bwana mmoja anaitwa Harvey Wilcox alilipima shamba lake pembeni ya Los Angeles akaligawa viwanja, yeye na mkewe Daeida walikuwa watu wa dini waliopinga ulevi, walitaka mji wa wacha Mungu wasiogusa pombe, na jina Hollywood lilikuwa la mkewe. 1903 ukawa mji rasmi, 1910 ukajiunga na Los Angeles kwa sababu haukuwa na maji ya kutosha. 1911 kampuni ya Nestor ikafungua studio ya kwanza pale, na walipanga jengo lililokuwa baa. Baa! Kwenye mji wa Wilcox. Watu wa filamu walifuata jua, maana filamu za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi na walipiga mchana nje, walifuata ardhi rahisi, na mahali ambapo ndani ya siku moja unapata bahari, jangwa na mlima, na wapo waliofurahia pia kuwa mbali na mawakili wa Thomas Edison aliyekuwa anabana hati za uvumbuzi wa kamera kule mashariki, ingawa hiyo nadhani watu huitia chumvi, jua ndo lilikuwa bosi. Leo kati ya studio kubwa za zamani ni Paramount peke yake iliyobaki ndani ya Hollywood. Warner na Disney wako Burbank. Sony wako Culver City. Universal wana kamji kao wenyewe.

Na zile herufi kubwa nyeupe mlimani ambazo kila mtu akizitazama anaona sinema, hazikuwekwa na watu wa sinema. Ziliwekwa 1923 na madalali wa viwanja, na zilikuwa herufi 13, ziliandika HOLLYWOODLAND, zikiwa na taa kama 4,000 za kuwaka usiku ili mnunuzi wa kiwanja azione kutoka mbali, na mpango ulikuwa zikae mwaka mmoja na nusu zing'olewe. Hazikung'olewa. Mvua ikazipiga, upepo ukaiangusha H, mji ukabaki unasomeka ollywood, nadhani mnacheka kwa sababu mmekumbuka tulichokisema. 1949 wakaamua kutengeneza, wakaisimamisha H, na zile herufi nne za mwisho, L, A, N, D, ambazo kwa lugha yao maana yake ni ardhi, wakazishusha.

Asanteni, nadhani maikrofoni inatakiwa kule.